Gogo Moja Mbele ya Bwana Stoo

Wasiojua husema kupasua kuni ni kazi ya nguvu. Waache waseme. Nguvu anazo hata punda, na hakuna aliyewahi kumwona punda akipasua gogo. Mpasuaji kuni wa shule ile ya bweni alikuwa mfupi, mwembamba, mbavu za kuhesabika, na bado kwa miaka thelathini na mmoja majiko matatu ya pale hayakuwahi kukosa moto hata asubuhi moja. Wapishi walimwita Pigo Moja. Alijifanya hapendi jina hilo, lakini siku mkaguzi mgeni alipomwita kwa jina lake la kwenye daftari, hakuitika mpaka alipoguswa bega.

Kiharusi kilimkuta kwenye banda la kuni, shoka mkononi. Mkono wa kulia ulikataa tu, kisha mguu nao ukaufuata mkono, na mkewe aliyekuwa anaanika nguo akamkuta amelala juu ya vibanzi, macho wazi, anajaribu kusema neno linalotoka upande mmoja wa mdomo. Alikaa hospitali wiki tatu. Alirudi anaburuta mguu, mkono unaning'inia, na maneno yake yalikuwa yamelegea kiasi kwamba watu walimjibu "ndiyo, ndiyo" bila kumwelewa. Aliyemwelewa ni mkewe peke yake.

Huyu mkewe ndiye mwenye hadithi hii, kwa hiyo tumtazame yeye. Siku ya nne mume akiwa bado wodini, aliona rundo la kuni zilizopasuliwa limeshuka mpaka magotini, akaenda bandani akachukua shoka. Hakuomba ruhusa. Alikuwa amemtazama mumewe akipasua kuni kwa miaka thelathini na mmoja kutoka kwenye kibaraza cha chumba chao, hatua ishirini tu nyuma ya jiko, na macho nayo husoma. Siku ya kwanza alipasua za kutosha jiko moja na mikono ikatoka malengelenge. Mwisho wa wiki alikuwa anapasua za majiko yote matatu. Mpishi mkuu, mama mmoja mnene waliyemwita Mama Mwiko, alimtazama akiingiza mzigo wa kwanza, akacheka, akasema, "Mimi nataka moto. Moto hauulizi aliyeuleta kavaa suruali au kanga."

Mambo yalikwenda hivyo miezi mitatu. Pigo Moja aliwekewa kigoda mlangoni mwa banda, na kazi yake ikawa kunoa shoka kwa mkono wa kushoto na kukosoa. "Miguu, mama, panua miguu," alimwambia mkewe. "Unasimama kama unasubiri kupigwa picha." Mkewe alijibu kwamba anayejua sana aje apasue mwenyewe, kisha akajuta kabla hajamaliza sentensi. Lakini yeye alicheka, kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unacheka.

Halafu ikaja barua.

Aliyeileta alikuwa Bwana Stoo, mtunza ghala, msimamizi wa jiko na vyote vilivyomo. Mtu mrefu, mpole, mwenye ugonjwa mmoja mbaya sana kwa mtu aliye kazini: hajui kusema uongo. Alikaa kwenye kibaraza chao, kofia mapajani, akawasomea. Uongozi unataka ithibitishwe kwa maandishi kwamba kila mfanyakazi anaimudu kazi yake. Asiyeimudu ataondolewa mwisho wa mwezi, na chumba atakirudisha.

"Basi niandike mimi," mke alisema. "Kuni nazipasua mimi, unaziona."

"Naziona, shemeji. Lakini akitoka yeye nafasi inafutwa. Wameshapata mtu wa kuleta kuni zilizopasuliwa kwa mashine. Aliyepo wanamwachia mpaka astaafu, na amebakiza miaka miwili. Mpya hawamtaki, hata awe malaika."

Bwana Stoo alizungusha kofia yake.

"Mimi nifanye hivi," alisema. "Jumatatu, si hii, ile nyingine, baada ya chai, apasue gogo moja mbele yangu. Moja tu. Nikiliona kwa macho yangu, nitaandika: nimemwona akipasua kuni. Itakuwa kweli. Yanayotokea baada ya hapo, nani anapasua, nani anabeba, mimi niko stoo nahesabu magunia."

Mume na mke walikwisha kuyapima yote. Binti yao aliishi chumba kimoja na mumewe na mtoto, na angeweza kumpokea mama akalala na mjukuu. Lakini baba mkwe na mkwe kulala chumba kimoja, pazia katikati, hata kulitamka ni aibu. Mdogo wake mume naye alikuwa amesema neno la heri: "Kaka, njoo, kitanda kimoja kipo, chumba cha wanangu wa kiume." Kitanda kimoja, mji mwingine, safari ya siku nzima. Maana yake mke huku na mume kule. Na nani atamgeuza upande usiku, nani atamfunga vifungo vya shati, nani ataelewa kwamba akisema "mamaji" anataka maji na akisema "mama ji" anamwita mkewe aje? Mwanamke alikuwa na hofu. Si hofu ya kukosa chumba, hapana, chumba ni kuta tu. Alikuwa na hofu kwamba mume wake atakufa mahali ambapo hakuna anayemwelewa.

"Gogo moja," Pigo Moja alisema jioni ile. "Kwani mimi naitwa nani?"

Wakaanza mazoezi. Zilibaki siku kumi. Aligundua kwamba mkono wa kushoto unaweza kuinua shoka mpaka juu ya kichwa iwapo ule wa kulia umewekwa kwenye mpini kama mgeni, haubebi kitu, unakaa tu kwa heshima. Shoka likishafika juu, alilegeza goti na kuliacha lishuke kwa uzito wake lenyewe. Kwa kuwa hawakutaka apoteze nguvu kuokota vipande, alijifunzia kwenye kisiki kilichokuwa nyuma ya banda, kisiki kikongwe kisichopasuka, akikipiga asubuhi mara kumi na jioni mara kumi. Kila siku alama za shoka zilisogea karibu zaidi na pale alipokusudia. Siku ya saba zote zilitua mahali pamoja, upana wa kiganja, na alikaa kwenye kigoda chake anahema, jasho linamtiririka, anafurahi.

Mkewe aliziona alama zile. Aliona pia jinsi zilivyo za juu juu. Shoka lilikuwa linaingia kisikini kiasi cha ukucha.

Na hapa ndipo alipofanya alilolifanya, na mimi sitamtetea wala sitamlaumu. Kila mtu amlaumu mwenyewe akimaliza kusikiliza. Ijumaa ilikuwa siku ya mume kupelekwa kliniki kunyooshwa viungo. Gari lilipoondoka naye, mke aliingia bandani akachagua gogo. Alichagua vizuri. Lilikuwa limenyooka, nyuzi zake zimetelemka kama nywele zilizochanwa, halina kifundo hata kimoja, limekauka vya kutosha. Akalisimamisha, akaweka kabari ya chuma katikati, akaigonga kwa nyundo kidogo kidogo, kwa subira, kama anayemwamsha mtoto mwenye homa. Gogo lilifunguka ufa mwembamba kutoka juu ukashuka karibu na chini kabisa, ukabakiza vidole viwili. Hapo akaacha. Akaitoa kabari kwa kuitikisa, gogo likajifunga. Akakanda tope na majivu na vumbi la mbao, akaujaza ufa juu na ubavuni, akafuta kwa kitambaa, akatupia vumbi. Ukilitazama hujui. Mama Mwiko aliyekuja kuchukua kuni alilikalia akafunga kamba ya kiatu chake, asione kitu.

Mwanamke alijisikia vibaya na alijisikia vizuri, yote mawili kwa pamoja. Alijiambia kwamba kuna uongo unaoua na uongo unaolisha, na huu ni wa kulisha. Mume atapata pigo lake, Bwana Stoo atapata ukweli wake, na yeye atapata miaka miwili.

Jumatatu ilifika. Baada ya chai Bwana Stoo alikuja na kalamu mfukoni na karatasi imekunjwa mara nne. Mama Mwiko alisimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, akawafukuza wapishi wengine warudi kwenye sufuria zao. Mke akalisukuma gogo lake kutoka kwenye rundo, akalisimamisha juu ya gogo la kupasulia, akarudi nyuma.

Pigo Moja alikuja anaburuta mguu, amevaa shati safi. Akalizunguka gogo. Akalitazama juu, akalitazama nyuzi zake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaligeuza shoka mkononi, na kwa mgongo wa shoka akaligonga gogo mara tatu.

Hapo ndipo mwanamke alipokumbuka.

Maana mume wake hakuwahi, tangu alipofundishwa kazi na baba yake, kupiga gogo kabla ya kuligonga mara tatu. Gogo zima huitika, ndivyo alivyokuwa akisema. Lenye ufa hukohoa, na ukilipiga ovyo kipande kinakurukia usoni. Kwa miaka thelathini na mmoja mke alizisikia zile kogo-kogo-kogo kutoka kibarazani mpaka akawa hazisikii tena, jinsi mtu anayeishi karibu na mashine ya kusaga asivyoisikia. Kwenye kisiki hakugonga. Kisiki hakina cha kuulizwa. Na yeye mwenyewe, alipopasua miezi ile mitatu, alipiga tu, mwanafunzi wa macho asiye na masikio. Alikuwa amefikiria tope, amefikiria majivu, amefikiria hata vumbi. Hili halikumpitia kichwani.

Pigo Moja aligonga tena. Akainamisha kichwa.

"Hili linakohoa," alisema.

"Piga tu, baba," mkewe alisema.

"Linakohoa, nakwambia." Akapitisha kidole gumba juu ya gogo, akakwaruza kwa ukucha. Tope likatoka. Akakwaruza zaidi, taratibu, mpaka ufa wote ukaonekana, mwembamba, mnyoofu, kazi safi kabisa. Akakitazama kidole chake chenye majivu. Akawatazama watu watatu waliokuwa pale, mmoja baada ya mwingine, na uso wake, hata ule upande uliokufa, ulionekana kuchomwa.

"Bwana Stoo," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu augue, kila mtu alielewa kila neno. "Ni wewe?"

"Mimi? Naapa sijui kitu."

"Basi kuna mtu ananifanyia mzaha. Gogo hili limeshapasuliwa na mtu. Wanataka nije hapa, nipige, mbele ya watu, kazi ya mtu mwingine. Kisha wacheke: mtazame Pigo Moja."

"Baba," mkewe alisema, "piga hilo hilo. Gogo ni gogo."

"Wewe nyamaza, mama, hujui walichotaka kumfanyia mumeo." Akalisukuma lile gogo kwa goti, likaanguka, likabingirika mpaka miguuni pa mkewe. "Nipe lile."

Lile alilolionyesha halikuwa baya kupita yote, lakini lilikuwa nene, na kifundo kimoja ubavuni. Enzi zake angelimaliza huku anapiga mluzi. Mkewe hakusogea. Bwana Stoo naye, maskini, akasita, kisha akalisogeza mwenyewe, kwa kuwa mtu aliyeshukiwa hana njia nyingine ya kuonyesha mikono yake ni safi. Pigo Moja akaligonga. Gogo likaitika. "Sawa," akasema.

Pigo la kwanza lilitua mahali pake hasa. Shoka liliingia kiasi cha ukucha, likakaa. Akalitoa, akapiga tena. Hasira ilimpa nguvu pigo la pili na la tatu, na la tatu lilileta mlio mdogo ambao mkewe aliusikia, akaanza kuomba moyoni bila hata kuchagua maneno. La nne lilikwenda pembeni likang'oa ganda. La tano likanasa kwenye kifundo.

Alilivuta. Halikutoka. Akaweka mguu wake mzima juu ya gogo ili alivute vizuri, akasahau kwamba sasa amesimamia ule mgonjwa. Akaanguka chini kwa makalio, mpini umebaki hewani peke yake. Mama Mwiko akageuka akaingia jikoni. Mke akaenda akamshika kwapani, na mumewe alikuwa mwepesi kuliko alivyomkumbuka.

Bwana Stoo alikuwa bado ameshika karatasi.

"Andika umemwona," mwanamke alimwambia, huku amempakata mumewe palepale chini. "Si umemwona akipiga? Andika hivyo. Nakuomba, shemeji."

Bwana Stoo alifuta macho yake kwa kofia. "Nimeona nilichokiona, shemeji," alisema, na akaenda stoo kwake. Karatasi aliyoiandika siku ile ilikuwa na mstari mmoja, na mstari huo ulikuwa wa kweli.

La kuvunda halina ubani. Siku zilizobaki walizitumia kufunga mizigo, ambayo haikuwa mingi. Mume hakuzungumzia kazi wala chumba. Alizungumzia tope. Alimuuliza Mama Mwiko, akamuuliza mlinzi, akawauliza madereva wa magari ya kuni: nani aliingia bandani Ijumaa ile? Kila aliyeulizwa aliapa. Usiku alikaa kitandani akisema, "Kazi nzuri, mama, unajua? Ufa mnyoofu. Huyu mtu anaijua kabari." Mkewe alimgeuza upande, akamfunika, akasema, "Lala, baba."

Mara ngapi alifungua mdomo kumwambia? Nyingi. Lakini amwambie nini? Kwamba yeye, mkewe, alizitazama alama kwenye kisiki na hakuamini? Mtu mmoja tu duniani alikuwa amebaki anayemwona bado ni Pigo Moja bila kumwonea huruma, na huyo ndiye aliyetia tope.

Siku ya mwisho kabla ya safari, aliingia bandani kufagia ili asiache uchafu wa kusemwa. Lile gogo lake lilikuwa limekatwa kutoka kwenye mti ambao vipande vyake vingine vilikuwa bado vimelala pale, vitatu, vyote vimenyooka vilevile, havijaguswa. Alivitazama kwa muda. Kisha akasimamisha kimoja juu ya gogo la kupasulia. Akashika shoka kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akauweka kwenye mpini bila kuutumia, ukakaa kama mgeni. Akainua mpaka juu ya kichwa, akalegeza goti, akaliacha lishuke kwa uzito wake.

Gogo lilifunguka vipande viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto, kwa pigo moja.

Alikaa chini kwenye vibanzi akalia mpaka kichwa kikamuuma. Angeliacha gogo lile kama Mungu alivyoliumba, mumewe angelipasua. Angeligonga, lingeitika, angelipiga, na Bwana Stoo angeandika. Msaada wake ndio uliowaua. Akapanga vile vipande viwili juu ya rundo pamoja na vingine, akamaliza kufagia.

Asubuhi gari la mboga la shule lilikubali kumchukua mume mpaka stendi, na kijana wa mdogo wake angempokea mwisho wa safari. Yeye mke angeondoka mchana kwenda kwa binti. Alimpandisha mbele, akamfunga vifungo vyote vya shati mpaka cha shingoni, akamwekea kitambaa cha kufutia mdomo kwenye mfuko wa kushoto, upande wa mkono unaofika. Alimweleza dereva mara mbili kwamba akisema "mamaji" anataka maji. Dereva alisema ndiyo, ndiyo.

"Mama," Pigo Moja alisema, akamshika mkono kupitia dirishani. "Nimewasamehe wote. Uongozi nimewasamehe, Bwana Stoo nimemsamehe, kafanya kazi yake. Yule wa tope sijamsamehe. Kanitenga na wewe uzeeni. Namwombea na yeye atengwe na mtu anayempenda, aonje. Sema amina."

Mwanamke alimtazama. Dereva alikuwa anasubiri, mkono kwenye ufunguo.

"Amina," alisema.

"Sijasikia."

"Amina, baba," alisema kwa sauti, na dereva akawasha gari.